Je, Wajua? Mambo ya Kupima Kabla ya Kukata Tiketi ya Kurudi Nyumbani

Desemba ikibisha hodi, Waswahili walioko ughaibuni hubadili mazungumzo. Aliye Minneapolis, aliye Toronto, aliye London na aliye Stockholm huweka kando habari za zamu na kodi ya nyumba, wakaulizana jambo moja: "Mwaka huu unapitia wapi?" Swali hilo lina akili kuliko lile la "umelipa kiasi gani?" Pale unapobadilishia ndege ndipo panapoamua utalala wapi, utadaiwa viza gani, begi litafika nawe au litachelewa, na utakuwa katika hali gani shangazi akikupokea uwanjani.

Je, wajua kwamba abiria wa kwanza duniani kupanda ndege ya jeti ya ratiba walipita Afrika Mashariki? Tarehe 2 Mei 1952 ndege aina ya Comet ya shirika la BOAC iliondoka London kwenda Johannesburg. Njiani ilitua Roma, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na safari nzima ikachukua saa 23 na ushei. Magazeti ya wakati ule yaliona ni muujiza. Leo mtu anayetoka Minneapolis kwenda Mwanza, akibadilisha ndege mara mbili na kusubiri katikati, anaweza kuzipita saa hizo bila shida. Vituo vya mwaka 1952 vilikuwa vya kujaza mafuta. Vituo vya leo ni vya kujaza viti.

Na hapo ndipo penye siri ya nauli. Kutoka London hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 7,500. Ukipitia Addis Ababa unafika karibu 7,700, yaani hujapinda sana. Ukipitia Istanbul unakaribia 8,000. Ukipitia Doha unazidi 9,000. Kwa akili ya kawaida njia ndefu ingekuwa ghali zaidi, kwani mafuta si maji ya mvua, lakini mara nyingi tiketi ya Ghuba ndiyo inayoonekana ya chini. Sababu yake ni kwamba abiria wa London wanaokwenda Dar kila siku ni wachache, hawatoshi kujaza ndege kubwa. Shirika la Ghuba haliwategemei hao peke yao. Ndege moja ya London inabeba wa Dar, wa Karachi, wa Colombo na wa Manila, wote wanashukia Doha au Dubai, kisha wanagawanywa kama barua za posta. British Airways, iliyokuwa ikiruka London hadi Dar bila kupinda, iliacha njia hiyo mwaka 2013. Tangu hapo anayekwenda Dar kutoka Uingereza hana budi kupitia mahali fulani.

Aliye Marekani ana njia moja tu iliyonyooka mpaka Nairobi: Kenya Airways kutoka New York, iliyoanza tarehe 28 Oktoba 2018. Ni karibu kilomita 11,850. Kutoka Nairobi kwenda New York ni saa 15 hivi angani, na kurudi hupungua kidogo kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, zikaisukuma ndege. Ukipitia Doha, New York hadi Nairobi inakuwa zaidi ya kilomita 14,000. Kwa mzee mwenye magoti, au mama mwenye watoto watatu na mabegi sita, kulipa zaidi ili kukwepa kituo cha katikati si anasa hata kidogo. Kwa kijana wa miaka 25, saa 15 mfululizo kwenye kiti kimoja zinaweza kuwa adhabu kuliko kushuka, kunyoosha miguu, kunawa uso na kunywa chai katikati ya safari.

Tukiwa kwenye miguu: Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2007 matokeo ya utafiti kuhusu damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Lilisema hatari huongezeka karibu mara mbili kwa msafiri anayekaa bila kujongea kwa saa nne au zaidi, ingawa bado ni kama mtu mmoja kati ya 6,000. Wala si ndege pekee. Basi, treni na gari ndogo vimo humo humo. Kwa hiyo kiti cha pembeni mwa njia, ambacho wengi hukidharau kwa sababu hakina dirisha, kina faida yake: unainuka bila kumwamsha mtu.

Je, wajua kwamba ndani ya ndege unakaa kama uliyepanda mlimani? Ndege nyingi za zamani huweka hewa ya ndani sawa na ya mwinuko wa futi 8,000, yaani mita 2,400 hivi. Huo ni mwinuko unaoupita kidogo mji wa Addis Ababa. Boeing 787 na Airbus A350 zimejengwa kwa namna inayoshusha kiwango hicho hadi futi 6,000, kama mita 1,800, ambao ni mwinuko wa Nairobi. Kwa hiyo katika ndege ya zamani unakaa Addis usiku kucha, na katika mpya unakaa Nairobi. Mtu wa Limuru huenda asijue tofauti. Mtu wa Tanga au wa Lamu, aliyezoea usawa wa bahari, ataiona kwenye kichwa na pumzi. Hewa hiyo pia ni kavu kuliko ya majangwa mengi, unyevu wake ukiwa mara nyingi chini ya asilimia 20, ndiyo maana midomo hupasuka na pua kuwasha. Chakula nacho hupoa ladha: ukavu na ngurumo za injini hupunguza uwezo wa ulimi kuonja chumvi na sukari. Usimlaumu mpishi mapema.

Mwinuko huo huo wa Addis una jambo lingine. Uwanja wa ndege wa huko, Bole, uko mita zaidi ya 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikiwa nyepesi, mabawa hupata nguvu kidogo na ndege haiwezi kuruka ikiwa imebeba mafuta ya kuvuka Atlantiki pamoja na abiria wote. Kwa hiyo kwa miaka mingi ndege ya Ethiopian kutoka Washington imekuwa ikifika Addis bila kutua, lakini ikirudi hutua njiani, mara Dublin, mara Lomé, kuongeza mafuta. Ukiona muda wa kwenda na wa kurudi haulingani kwenye tiketi yako, hakuna aliyekosea hesabu.

Angalia pia aina ya ndege kabla ya kuchagua kiti. Katika Airbus A330 viti vya daraja la kawaida hupangwa viwili, vinne, viwili. Mume na mke wanaweza kukaa peke yao pembeni, bila mgeni wa tatu wa kuombwa radhi kila saa. Uganda Airlines inatumia aina hiyo, tena ile ya A330-800 ambayo ni nadra kweli duniani. Ndiyo iliyoanza safari za Entebbe hadi London Gatwick mwezi Mei 2025. Boeing 787 nyingi zina tatu, tatu, tatu. Boeing 777 ya siku hizi mara nyingi ina tatu, nne, tatu, na hapo kiti hubaki na upana wa inchi 17 tu. Mwenye mabega ya kuvuta nyavu apime mwenyewe. Wenye mtoto mchanga waombe mapema viti vya mbele vinavyotazama ukuta, kwani hapo ndipo kinapotundikwa kitanda cha mtoto, na vitanda hivyo ni vichache.

Je, wajua kwamba Doha, Istanbul na Addis Ababa zote zina saa sawa na za Dar es Salaam na Nairobi? Uturuki iliacha kubadili saa mwaka 2016 ikabaki na majira yale yale mwaka mzima. Dubai na Muscat zimetangulia kwa saa moja tu. Ukibadilishia ndege katika miji hiyo mitatu, unashuka ukiwa tayari kwenye saa za nyumbani. Na Addis kuna la ziada: Waethiopia huhesabu saa kama sisi, kuanzia mapambazuko, saa moja asubuhi ikiwa ndiyo saa moja kweli. Kwenye mbao za uwanja wa ndege lakini hutumia hesabu ya kimataifa.

Anayetoka Ulaya hana tatizo kubwa la saa. Kati ya London na Dar ni saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa joto, kwani Waingereza hubadili saa zao na sisi hatubadili. Uchovu wake ni wa kukaa na kukesha tu. Anayetoka New York ana tofauti ya saa nane mwezi Desemba, tena anakwenda mashariki, upande ambao mwili huuzoea kwa taabu zaidi. Hesabu ya kawaida ni kama siku moja kwa kila saa moja ya tofauti. Mwenye likizo ya wiki mbili asipange harusi siku ya pili baada ya kutua.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata wazoefu. Tiketi inasema ndege inaondoka tarehe 15 saa 00:30. Kwa Kiswahili hiyo ni saa sita na nusu usiku, na watu wengi huuhesabu usiku huo kuwa ni wa tarehe 15, kwa maana ya usiku unaofuata mchana wa tarehe 15. Kumbe ndege imekwisha ondoka tangu usiku wa jana yake. Ukiona tiketi inaanza na 00 au 01, elewa kwamba unatakiwa uwanjani jioni ya tarehe iliyotangulia. Waambie hivyo hivyo na wanaokuja kukupokea.

Kodi nazo zimo ndani ya nauli, hata kama hazionekani. Uingereza hutoza kodi ya abiria anayeondoka. Kwa safari za Kenya, Tanzania, Uganda na jirani zake, daraja la kawaida lilikuwa pauni 90 kuanzia Aprili 2025 na pauni 102 kuanzia Aprili 2026. Watoto chini ya miaka 16 katika daraja hilo hawalipi, kwa hiyo familia yenye watoto watatu ina haki ya kumuuliza wakala kodi hiyo imetolewa wapi. Jamhuri ya Ireland iliifuta kodi yake ya aina hiyo mwaka 2014, ndiyo maana wapo wanaoishi Belfast ambao hupanda basi hadi Dublin kuanzia safari huko.

Je, wajua kwamba ndege ikichelewa unaweza kulidai shirika fidia? Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 261 ya mwaka 2004 inamlinda kila anayeondoka kwenye uwanja wa Umoja huo, ndege iwe ya shirika la nchi yoyote. Ukifika mwisho wa safari ya zaidi ya kilomita 3,500 ukiwa umechelewa saa nne na zaidi, na kosa ni la shirika, si la dhoruba wala la kufungwa kwa anga, fidia ni yuro 600. Uingereza ina sheria yake ya namna hiyo, pauni 520. Lakini safari ya kurudi ni kesi nyingine. Ukitoka Dar kwenda Amsterdam kwa shirika la Ulaya, sheria inakufuata. Ukitoka Dar kwa shirika la Ghuba au la Afrika, haikuhusu. Tiketi mbili zenye bei moja zinaweza kuwa na ulinzi tofauti kabisa.

Ulinzi huo unahesabiwa mpaka kituo cha mwisho pale tu safari nzima ikiwa kwenye tiketi moja. Wanaokata vipande vipande, cha kwanza hapa na cha pili pale, huokoa fedha siku njema. Siku mbaya ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili litakuhesabu kuwa hukutokea, na tiketi yako imekufa. Begi nalo halitavuka lenyewe: itabidi upite uhamiaji, ulichukue, ulikabidhi upya. Kabla hujaondoka kaunta, soma karatasi waliyoifunga kwenye mpini wa begi. Ikiwa imeandikwa JRO, mzigo unakwenda Kilimanjaro. ZNZ ni Zanzibar, MBA ni Mombasa, KGL ni Kigali, EBB ni Entebbe. Ikiwa imeandikwa DOH pekee, begi lako linaishia Doha. Kosa hilo hurekebishwa hapo hapo kaunta kwa dakika mbili, na kwa siku kadhaa ukilikuta upande wa pili.

Viza ya kupita ndiyo inayowaliza wengi. Marekani haina eneo la kusubiri ndege la kimataifa lisilopita uhamiaji: kila anayetua, hata kama ndege yake nyingine inaondoka baada ya saa mbili, anahesabiwa kuwa ameingia nchini. Kwa hiyo mwenye pasi ya Tanzania anayeishi Toronto, akinunua tiketi nafuu inayopitia New York, anahitaji viza ya Marekani. Nchi za Schengen nazo zina orodha ya mataifa ambayo raia wake huhitaji viza hata kwa kukaa ndani ya uwanja tu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo imo. Tanzania na Kenya hazimo kwenye orodha hiyo ya pamoja. Ndugu wawili wanaosafiri pamoja, mmoja na pasi ya Kenya, mwingine ya Congo, wasidhani mlango mmoja unawapokea sawa. Vibali vya ukaazi vya nchi fulani hulegeza sharti hilo, kwa hiyo uliza ubalozini, usimuulize mjomba.

Hoteli ya bure ipo. Ethiopian huwapa malazi abiria ambao ratiba inawalazimu kusubiri Addis kati ya saa 8 na 24, ikiwa hakuna ndege ya mapema zaidi. Turkish ina ziara ya bure ya mji wa Istanbul kwa wanaosubiri kati ya saa 6 na 24. Ila tazama hili: Tanzania hudai cheti cha homa ya manjano kwa msafiri aliyekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye ugonjwa huo, na Ethiopia inahesabiwa humo. Usiku wa bure hotelini unaweza kukudai kijitabu cha njano ulichokiacha kabatini Leicester. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi bado kinafanya kazi.

Shukia karibu na kwenu. Mchaga anayekwenda Moshi kwa Krismasi akitua Dar bado ana zaidi ya kilomita 500 za barabara, tena katika wiki ambayo nauli za basi hupanda na viti vimekwisha. Uwanja wa Kilimanjaro uko umbali wa kilomita 40 hivi tu kutoka Moshi. KLM, Qatar, Ethiopian na Turkish zote zimekuwa zikitua hapo. Mwenye ndugu Zanzibar anayeishi Muscat ana Oman Air, saa tano na nusu hivi, ametoka kwa jamaa anaingia kwa jamaa. Wa Bujumbura wawe waangalifu na tiketi nafuu ya Kigali: Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Wa Goma nao, uwanja wao ulifungwa Januari 2025 vita vilipouingia mji.

Anga nalo hufungwa. Tangu Aprili 2023 ndege za Ulaya na Uturuki zinazoshuka Afrika Mashariki zimelazimika kuizunguka Sudan. Tarehe 23 Juni 2025 Qatar ilifunga anga lake kwa saa kadhaa, na maelfu ya watu wakabaki njiani. Mwenye jambo lisilosubiri, msiba, harusi au kesi, asichague njia yenye nusu saa ya ziada tu ya kuunganisha ndege.

Mizigo, kwa kifupi. Mashirika mengi ya njia za Afrika huruhusu mabegi mawili ya kilo 23 kila moja, lakini tiketi ya bei ya chini kabisa ya shirika hilo hilo inaweza kuwa na begi moja; kwa hiyo linganisha nauli ukiwa umeongeza bei ya begi la pili. Hakuna begi moja linaloruhusiwa kuzidi kilo 32, hata ukilipia. Betri za kuchajia simu ni za mkononi tu, haziingii kwenye begi la chini, na Emirates imekataza kuzitumia ndani ya ndege tangu tarehe 1 Oktoba 2025. Mifuko ya plastiki iache huko huko: Rwanda ilianza kuipiga marufuku 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, na ya madukani ya uwanja wa ndege haijasamehewa.

Na ukishalipa, usiruke kipande chochote. Ukiacha kupanda ndege ya kwanza, kompyuta ya shirika hufuta zote zinazofuata, pamoja na ya kurudi.

Kwa hesabu yangu, anayetoka Ulaya na safari ya siku za kawaida apitie Addis au Istanbul akiona nauli zinakaribiana na za Ghuba. Anayetoka pwani ya mashariki ya Marekani akiwa na wazee au watoto alipie ile ya moja kwa moja. Kijana mwenye begi moja na wiki tano za likizo achukue ya bei ya chini kuliko zote, mradi iwe kwenye tiketi moja. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kulipa, fungua pasi yako utazame tarehe ya mwisho: nchi nyingi hutaka ibaki na miezi sita, na kaunta ya uwanja wa ndege haina huruma kwa mwenye mitano.